Naomba ushauri: ukali wa kazini unanifuata mpaka nyumbani

Habari zenu wakuu. Nasimamia ghala la nafaka hapa Dodoma, chini yangu wapo wanaume 14, wengi wao wapakiaji. Nilianza kwa upole; magunia yakapotea na nikaambiwa, "Dada, nenda kapike." Nikabadilika: sauti juu, sicheki na mtu. Kazi ikanyooka.

Shida ni kwamba juzi tukiwa mezani nikamwambia mume wangu, "Nataka taarifa ya ada kabla ya saa mbili." Akaweka kijiko chini. "Mimi umeniajiri lini?"

Rais mwanamke tunaye tangu 2021, ila huku ghalani upole bado unaonekana udhaifu. Akina mama mnaoongoza wanaume, huo ukali mnauvuaje mkifika getini? Na kazini nilegeze wapi bila kupandwa kichwani?