Desktopu ya kubeba begani: lita 2, lita 10 au lita 18?

mpigapicha_chikongola
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, kazi yangu ni video za harusi na ngoma. Korosho zikishalipwa kazi zote zinahamia Newala, Tandahimba na Masasi, na siku hizi mwenye shughuli anataka kipande cha video kionyeshwe usiku uleule ukumbini. Laptopu yangu ikishapata moto inashusha kasi, na ndani hakuna cha kubadilisha. Natafuta desktopu yenye nguvu ya kweli ila iingie kwenye begi la mgongoni nipande nayo basi. Kioo si shida, nachomeka HDMI kwenye TV ya mwenyeji.

Nimebaki na tatu: ASRock DeskMini X600 (lita 1.92), Fractal Terra (lita 10.4) na Cooler Master NR200 (lita 18 hivi). Lita ni ujazo wa kesi, yaani sanduku la kompyuta; Terra na NR200 ni kesi tupu za kujazia vifaa mwenyewe. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

fundi_ligula
Mkuu, lita zisikuchanganye. Shida ya kesi ndogo ni hewa, na hewa ya huku inaingia ikiwa tayari ya moto. Zile video za majaribio unazoangalia, chumba kina nyuzi 21 au 22. Mtwara mjini mwezi wa kumi na mbili chumba kisicho na AC kinafika 31 au 32, kwa hiyo kila kipimo unachokiona huko wewe ongeza nyuzi kumi. (Newala kule juu afadhali, kuna kaubaridi.) Prosesa za Ryzen 7000 (za AMD) zinaruhusiwa kufika nyuzi 95, zikigonga hapo zinajipunguza kasi zenyewe. Utakuwa umetoka kwenye laptopu ukaingia kwenye tatizo lilelile.

DeskMini ni nzuri, lakini jua mipaka yake. Inaendeshwa na adapta ya nje ya wati 120, hitisinki (kipoza joto cha prosesa) isizidi urefu wa milimita 47, na hakuna pa kuchomeka kadi ya grafiki. Utaweka Ryzen 7 8700G na utegemee grafiki yake ya ndani. Video za kawaida za HD itakata bila shida. 4K yenye rangi na mbwembwe nyingi, utakaa ukiisubiri huku MC anakuita jina kwenye spika.

Terra ndiyo ningechukua. Katikati ina ukuta unaosogea: upande mmoja prosesa, upande wa pili kadi. Ukiipa kadi milimita 43, hitisinki inapata hadi 77. Ukiipa kadi 72, hitisinki inabaki na 48. Jumla daima ni 120, unachompa huyu unamnyang'anya yule. Kwa joto letu chukua kadi nyembamba ya sloti mbili (unene wa nafasi mbili tu), halafu weka Noctua NH-L12S yenye urefu wa milimita 70. Ingia bayosi (mipangilio ya msingi ya mashine) ufunge prosesa kwenye wati 65. Kasi inayopotea ni ndogo, joto linaloshuka ni kubwa.

binti_ndanda
Kaka fundi umeirukia NR200 kama haipo. Inabeba hitisinki ya kusimama ya milimita 155 na kadi ya milimita 330, feni kubwa zinazunguka taratibu, na bei yake ni rahisi kuliko Terra. Mimi ninayo, nachorea ramani za nyumba, mchana kutwa haipigi kelele.

fundi_ligula
Dada, ya mezani sawa kabisa, wala sibishi. Yeye anapanda nayo basi. Ile ina karibu sentimita 37 kwa urefu, begi gani hilo? Na kadi ndani yake inaning'inia kwenye sloti, barabara ikianza kurusha itabidi uichomoe kila safari. Kwenye Terra kadi imelala sambamba na mazabodi (ubao mkuu), inaunganishwa kwa kebo ya raiza, yaani kirefusho cha sloti. Lakini hata hiyo, ipakate. Kwenye buti hapana.

mitandi_lindi
Mnabishania makopo, hamjamuuliza kamera yake inarekodi nini. Mkuu, unatumia kamera gani na mpangilio upi?

mpigapicha_chikongola
Sony, 4K, 10-bit 4:2:2. XAVC HS.

mitandi_lindi
Basi hapo ndipo uamuzi ulipo. XAVC HS ni HEVC, mfumo wa kubana video, na 4:2:2 ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa. Kadi za RTX 40 za Nvidia (kama 4060) hazina sehemu ya kufungua HEVC ya 4:2:2. Ungenunua Ryzen na RTX 4060, mafaili yako yangeangukia kwenye prosesa tupu, na prosesa ikifanya kazi hiyo ndani ya lita 10 utapikia chai juu yake. Njia ni mbili: Intel yenye grafiki ya ndani, mfano i5-13500, hiyo inafungua HEVC 4:2:2 vizuri, halafu RTX 4060 ya wati 115 ifanye rangi na kurenda (kutoa video iliyokamilika). Au Ryzen 7 7700 na RTX 5060 ya wati 145, maana RTX 50 zinafungua 4:2:2 zenyewe. Mimi ningekwenda na ya kwanza. Wati 30 za kadi si kidogo kwenye kesi ile.

Ila i5-13500 usiiache ilivyo. Imeandikwa wati 65, lakini ikiachiwa inapanda hadi 154.

mzee_wa_mikindani
Vijana, na umeme je? Hiyo mashine ikivuta wati 250, zile UPS (betri za akiba) za VA 650 wati zake halisi hazifiki 400, na betri itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Tena kuna pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) zinazogoma umeme wa UPS za bei poa, umeme ukikatika nazo zinazima. Ijaribu nyumbani kabla ya kwenda kwenye shughuli za watu.
Na usiiweke dirisha la upande wa bahari. Chumvi inakula skrubu kwanza, halafu inahamia kwenye bandari za nyuma.

mpigapicha_chikongola
Shikamoo mzee, nimekupata. Naenda na Terra, i5-13500 na 4060 ya sloti mbili. DeskMini inaniuma kuiacha kwa udogo ule, lakini 4K ndiyo inayonilisha. Pawasaplai je? Huku sijaiona dukani.

fundi_ligula
Agiza Kariakoo wakutumie kwa basi, ya wati 600 inatosha na kubaki. Taja SFX, ndiyo saizi inayoingia Terra. Ukisema "pawasaplai ndogo" watakupa ile nyembamba ya mashine za ofisini. Mwambie muuzaji aweke rula na akutumie picha: 125 kwa 100, unene 63.5, zote milimita. Na raiza ikikuletea kioo cheusi mara ya kwanza, shusha PCIe (njia ya kadi) kwenye bayosi kutoka Gen 4 hadi Gen 3 kabla hujaanza kulaumu kadi.