Je, askari wa Marekani ndio walioamua Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia?

Mwalimu wa Historia anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Juzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo nililijibu harakaharaka, kisha nikarudi nyumbani nikiwa sijaridhika na jibu langu mwenyewe. Alisema kwamba Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 6 Aprili 1917 na mapigano yakakoma tarehe 11 Novemba 1918, ilhali Wafaransa na Waingereza walikuwa wakifa mahandakini tangu 1914. Kwa nini basi Wamarekani wanapewa sifa ya kuleta ushindi? Nilimweleza habari za nyambizi za Ujerumani zilizokuwa zikizamisha meli bila kubagua, pamoja na ile simu ya maandishi ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, iliyojaribu kuishawishi Mexico kuungana na Ujerumani. Lakini hayo yanaeleza tu sababu za Marekani kuingia vitani, wala hayagusi kile ambacho askari wake walikifanya baada ya kufika. Naomba mnisaidie: walipigana wapi, kwa uzito gani, na je, bila wao mambo yangeishia pale pale?

Mzee wa Maktaba anajibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako ana haki ya kushangaa, kwa sababu kutangaza vita ni jambo moja na kuwa tayari kupigana ni jambo jingine kabisa. Aprili 1917 jeshi la kudumu la Marekani lilikuwa na watu wapatao 127,000 tu, tena halikuwa na vifaru. Ilibidi kwanza ipitishwe sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, iliyotiwa saini Mei 1917, kisha vijana hao wafunzwe, wavishwe na kupakiwa melini. Jenerali John Pershing, kamanda wa askari wa Marekani huko Ulaya, alifika Ufaransa Juni 1917 akiwa na maofisa wachache, na ulikaribia kutimia mwaka mzima kabla Divisheni ya Kwanza haijafanya shambulio lake kubwa la kwanza, katika kijiji cha Cantigny, tarehe 28 Mei 1918.

Sasa tazama upande wa Ujerumani. Urusi ilipotia saini mkataba wa Brest-Litovsk wa kujitoa vitani Machi 1918, majenerali wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuhamishia divisheni nyingi magharibi, na tarehe 21 mwezi huo wakaanza mashambulizi makubwa kwa nia ya kuwavunja Waingereza na Wafaransa kabla Wamarekani hawajafika kwa wingi. Hapo ndipo ninapoona uzito wa askari hao: walimlazimisha adui kucheza karata yake ya mwisho mapema, hata kabla wengi wao hawajaliona handaki kwa macho. Kuanzia Mei hadi Septemba 1918 walikuwa wakishuka bandarini zaidi ya 200,000 kila mwezi, na vita vilipokoma walikuwa takriban milioni 2 katika ardhi ya Ufaransa. Ujerumani ilipopoteza askari, haikuwa na wa kuwajaza mahali pao.

Nao walipigana kwa kweli. Juni 1918 Divisheni ya Pili, ambayo ndani yake ilikuwemo brigedi ya Marines (askari wa majini), iliingia katika msitu wa Belleau na kuupigania kwa karibu wiki tatu. Septemba walilikomboa eneo la Saint-Mihiel chini ya bendera yao wenyewe, na mara baada ya hapo askari wapatao 600,000 wakahamishwa, hasa usiku, kwa mpango ulioandaliwa na ofisa kijana aitwaye George Marshall, ili kuanza mapambano ya Meuse-Argonne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, tarehe 26 Septemba.

Msomaji wa Mombasa anajibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu idadi na wakati, ila naomba picha isiegemee upande mmoja. Takriban nusu ya askari wale walivuka bahari katika meli za Waingereza, wakapiga mizinga ya Kifaransa, wakaendesha vifaru vya Renault na kurusha ndege za Kifaransa na za Kiingereza, kwa kuwa viwanda vya kwao vilikuwa havijageuzwa kikamilifu kuhudumia vita. Na pale Soissons, tarehe 18 Julai 1918, shambulio lililowageuza Wajerumani nyuma lilifanywa chini ya amri ya Kifaransa, divisheni mbili za Kimarekani zikiwa zimeishika Divisheni ya Morocco ya jeshi la Ufaransa katikati yao. Waafrika wale hawatajwi vya kutosha.

Vilevile siku ambayo Jenerali Ludendorff aliiita siku nyeusi ya jeshi la Ujerumani, yaani tarehe 8 Agosti, ilikuwa hasa kazi ya Wakanada, Waaustralia, Waingereza na Wafaransa mbele ya Amiens. Huko Meuse-Argonne ujasiri haukukosekana, lakini uzoefu ulikosekana: mashambulizi yalikwenda kifua mbele dhidi ya bunduki za rashasha, na Wamarekani zaidi ya 26,000 waliuawa katika siku 47. Wafaransa walikuwa wamelipia somo hilo hilo mwaka 1914. Kwa maoni yangu, Wamarekani walihakikisha kwamba Ujerumani haiwezi kushinda, huku waliotangulia wakiwa ndio walioichosha hadi ikafikia hapo.

Mjukuu wa Kariakoo anajibu:

Naomba mwanafunzi huyo aelezwe pia ni Wamarekani wepi tunaowazungumzia. Weusi wapatao 200,000 walipelekwa Ulaya, na wengi wao walipewa makoleo na magunia badala ya bunduki, wakipakua shehena katika bandari kama Saint-Nazaire na Brest. Ninaposoma habari zao siwezi kuacha kuwakumbuka wapagazi wetu wa vita hivyo hivyo, ambao jina la kikosi chao cha kubeba mizigo ndilo lililotupatia Kariakoo.

Pershing, aliyekataa katakata kuwagawa askari wake moja kwa moja kwa majeshi mengine, alikubali kwa urahisi kuwakabidhi Wafaransa rejimenti nne za watu weusi. Mojawapo ilikuwa ya 369 kutoka New York. Usiku mmoja wa Mei 1918 Henry Johnson na mwenzake Needham Roberts, wakiwa zamu, walivamiwa na kundi la Wajerumani. Roberts alijeruhiwa, na Johnson akapigana kwa mabomu ya mkono, kwa kitako cha bunduki na mwishowe kwa kisu hadi wavamizi wakarudi nyuma. Ufaransa iliwatunukia nishani mapema, lakini nchi yake mwenyewe ilimpa Johnson nishani ya juu kabisa ya kijeshi mwaka 2015, wakati yeye alifariki mwaka 1929. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

Mwalimu wa Historia anajibu:

Nawashukuru kwa dhati, na habari za rejimenti ya 369 sikuwa nimewahi kuzifundisha. Jumatatu nitaandika ubaoni idadi ya waliokufa: Wafaransa zaidi ya milioni 1.3 na Wamarekani kama 116,000, ili darasa lijionee nani alibeba mzigo gani mapambanoni.

Mzee wa Maktaba anajibu:

Fanya hivyo, Mwalimu, ila jihadhari na hiyo namba ya pili. Katika hao 116,000, waliokufa kutokana na mapigano ni takriban 53,000. Waliobaki waliuawa hasa na maradhi, na zaidi ya yote mafua makali ya mwaka 1918, ambayo yaliwakuta wengi wao wakiwa bado katika kambi za mafunzo nyumbani au wakiwa melini. Ukiiandika bila kuigawa, darasa litadhani kwamba wote waliangukia mahandakini.