Reli ya deki si sakafu, acheni kutupangia bei moja ya mita!

Assalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu nimeufungua kwa hasira na sitaficha. Hapa Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani, wenye nyumba za wageni na wasimamizi wao wameshika bei yao: elfu nane kwa mita, iwe kupiga mbao za sakafu ya deki (lile jukwaa la mbao la nje), iwe reli, yaani uzio wake wa pembeni. Anayesema hivyo hajawahi kuhesabu vijiti vya wima vya reli.

Hebu tuhesabu. Upande wa deki una mita 12, reli kimo cha mita moja. Nguzo kila mita 1.5, basi nguzo 9 na nafasi 8. Nguzo ya upana wa milimita 90 inaacha wazi milimita 1410. Kijiti ni cha milimita 40, na uwazi usifike milimita 100, maana mtoto mdogo anapenya. Ukiweka vijiti 9 uwazi unatoka 105, haifai. Vijiti 10 unapata karibu 92. Kwa hiyo ni vijiti 80, na kila kimoja kinakatwa, kinapigwa randa na msasa, kinatobolewa juu na chini, ndipo kinafungwa. Dakika 12 kwa kijiti, tena kwa fundi mwenye mashine nzuri: masaa 16 hayo. Nguzo dakika 45 kila moja, kuchonga mguu, kutoboa, kupiga timazi pande mbili: karibu masaa 7. Pau 16 za juu na chini, masaa 5 na ushei. Mshikio masaa 4. Mafuta mikono mitatu, masaa 6. Jumla masaa 38, siku tano za kazi. Fundi akilipwa 40,000 kwa siku na msaidizi 20,000, ni 300,000. Yaani 25,000 kwa mita, nauli na chakula bado. Nyinyi mnatoa 96,000!

Na fundi anayekubali bei hiyo mnajua anafidia wapi? Kwenye mguu wa nguzo. Badala ya bolti mbili za milimita 12 zilizopita kwenye boriti ya pembeni, anaisimamisha nguzo juu ya ubao wa sakafu na kuipiga misumari ya mshazari. Mgeni akiegemea juu kwa nguvu ya kilo 50, hata bolti iliyofungwa sentimita 10 juu ya mwenzake inavutwa kwa zaidi ya kilo 500. Msumari utahimili vipi? Halafu ni msumari mweusi, kando ya bahari! Chumvi inaula, kutu inavimba, ubao unapasuka, na kwa macho reli bado imesimama imara. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Skrubu nazo. Ufukweni ni chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Lakini ukiizungusha kwenye mninga bila kutoboa kwanza, inakatika kichwa. Skrubu ya milimita 5 inataka tundu la milimita 3.5. Skrubu mbili kila ncha ya kijiti, matundu 320. Muda huo nani analipa?

Mbao mbichi ndiyo balaa jengine. Mwenye kazi ananunua zilizoshuka bandarini juzi, anataka zifungwe kesho. Zikikauka, maungio yanaachia, kisha lawama kwa fundi.

Ngazi msiniambie kabisa. Vichwa vyote vya vijiti vinakatwa kwa pembe, ukikosea digrii mbili uwazi unaonekana kutoka barabarani. Mita ya ngazi ni mara mbili ya mita ya reli iliyonyooka, chini ya hapo unajidhulumu.

Mafundi wenzangu, msitaje bei kwa simu. Nendeni na futi, andikeni kwenye karatasi idadi ya nguzo, vijiti, bolti, na nani ananunua skrubu na mafuta. Akikwambia mwengine anafanya kwa elfu nane, mwachie huyo mwengine.