Kifundo cha mguu kikiteguka porini ukiwa peke yako: ujikongoje au ukae?

Msafiri_Mpole: Wakuu, naomba ushauri. Najiandaa kwa siku tatu milimani, peke yangu. Mguu ukinisaliti huko na mtandao hakuna, nianzie wapi? Na buti nivue?

NjiaNyembamba: Anza kwa kukaa chini, mkuu. Anayeinuka kwa pupa huanguka mara ya pili. Ukishatulia, bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, ndani na nje, kuanzia ncha ya chini kupanda sentimita 6. Pakiuma penye mfupa wenyewe, au ukishindwa kupiga hatua 4 (kuchechemea ruksa), chukulia umevunjika.

Buti liache kama bado unategemea kutembea. Mguu ukishavimba hauingii tena. Legeza tu kamba. Vidole vikifa ganzi hata baada ya kulegeza, hapo vua.

Banzi2: Naongezea kuhusu banzi, yaani kitu cha kuushikilia mguu usitikisike. Kunja godoro la povu umbo la U, lipite chini ya unyayo na kupanda pande zote mbili hadi karibu na goti. Funga juu na chini ya panapouma, kamwe si juu yake. Kama buti limevuliwa, bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kwenye baridi huchelewa, kwa hiyo linganisha na mguu usioumia. Rudia kila mara, maana uvimbe hukaza kamba ulizofunga mwenyewe.

Kivulini: Banzi2, godoro lote likienda mguuni atalalia nini? Ardhi ndiyo inayonyonya joto usiku. Kata kipande, au tumia koti lililoviringishwa. Kilichobaki kiwe chini ya makalio na mgongo, juu ya begi tupu na majani makavu. Fulana yenye jasho ibadilishwe mapema, kabla hujaanza kutetemeka.

Msafiri_Mpole: Asanteni. Na kuita msaada?

NjiaNyembamba: Filimbi, si koo. Mipulizo 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukijibiwa mipulizo 3 kwa dakika, umesikika. Endelea kupuliza hadi wakuone. Marekani wanatumia mipulizo 3 kuomba msaada. Gizani fanya vivyo hivyo kwa tochi.

Simu izimwe mtandao, ikae kifuani, baridi inaua betri. Ukiiwasha jaribu 112 kwanza, kisha meseji yenye mahali ulipo na jeraha lako. Meseji hupenya pale simu ya sauti inapokwama.

Kivulini: Kama una kifaa cha dharura cha setilaiti cha 406 MHz, kisajili kabla ya safari. Ukikiwasha, antena iwe imenyooshwa na anga iwe wazi juu yake, kisha usikizime. Na mwachie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa kamili ya kupiga simu kwa waokoaji. “Nitarudi jioni” si saa.