MREJESHO: Land Rover 109 ya marehemu babu

Wakuu, mwaka jana niliuliza jinsi ya kujua pikapu ya marehemu babu, Land Rover 109 Series IIA, ilitoka kiwandani lini, maana kibati cha ndani chenye namba ya chesisi kiling'olewa zamani. Asanteni sana, nimefika mbali.

Aliyesema nisugue chesisi mbele kulia, pale inaposhikia springi, Mungu ambariki. Tabaka nne za rangi! Mafuta ya taa, brashi ya waya, jioni nzima, namba ya chesisi ikajitokeza. Nikaituma na picha ya kadi ya gari kwa British Motor Museum, makumbusho ya magari kule Gaydon, Uingereza, wanakotunza kumbukumbu za magari ya Solihull, kiwanda cha Land Rover. Ada ipo, tena kwa pauni, lakini cheti kilikuja: siku iliyoundwa, siku iliyosafirishwa, na rangi yake ya kwanza. Kijani. Ukoo mzima tuliapa ni bluu.

Kilichogoma ni injini: namba ya kwenye cheti siyo iliyomo, ilishabadilishwa. Na cheti hakitaji wamiliki waliofuata, kwa hiyo aliyemuuzia babu bado sijampata. Ushauri wa kuulizia kwenye ofisi ya usajili niliufuata. Niliambulia foleni tu.