Tupeane uzoefu: uliyetafuta ukoo wako ukakuta rekodi zimeungua

MkweWaGeorgia
Wadau, habari za jioni. Mama mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, asili yao Georgia. Juzi kafungua tena faili lake la ukoo, akakwama palepale. Bibi wa mama yake alizaliwa mwaka 1882 hivi, na sensa ya 1900 inamkuta tayari kwa mumewe. Sensa pekee ambayo ingemkuta kwa wazazi wake ni ya 1890. Karatasi zake zilishika moto Washington, Januari 1921. Nyingi hazikuungua, zililowa maji na kuingia moshi, zikaachwa hivyo miaka, mpaka 1933 Bunge lao likaruhusu ziteketezwe. Walihesabiwa watu karibu milioni 63, majina yaliyobaki ni elfu sita na kidogo. Weusi wengi walianza kuandikwa kwa majina mwaka 1870. Kabla ya hapo mtumwa aliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wake. Sasa hata hiyo njia fupi imekatika katikati. Nani yamemkuta?

Karani_Mstaafu
Tafuteni cheti cha kifo. Huwa kina jina la baba na mama.

MkweWaGeorgia
Tulikipata, mzee wangu. Kwenye baba wameandika "hajulikani".

BintiPangani
Hapo kwenye "hajulikani" nimeshindwa kuendelea kusoma.

Omwana_Bukoba
Ndiyo maana nasema sisi tuna afadhali. Kwetu mtu anakutajia babu wa saba bila karatasi yoyote.

BintiPangani
Sema kwenu. Huku pwani zipo nyumba ambazo babu wa nne haulizwi. Ukiuliza, bibi anakwambia kula ulale, kwa sababu alikuwa mtumwa na nisba tunayoitumia ni ya bwana wake. Huyo wa saba nimtoe wapi?

Omwana_Bukoba
Sikusema kwa ubaya dada.

BintiPangani
Najua. Ila umesema "sisi".

MtotoWaOperesheni
Ngojeni niwaambie ya kwetu. Babu alikuwa karani wa chifu. Machifu walipofutwa Tanganyika 1963, daftari la kodi likabaki kwake, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mle kila mwenye nyumba ameandikwa, na wake zake. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, serikali kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Lori limesimama, watu wanaambiwa toka na unachoweza kubeba, na nyuma nyumba zinachomwa ili mtu asirudi. Baba alikuwa kijana. Mgongoni kambeba bibi, mgonjwa, mkononi kashika debe la mtama. Sanduku likabaki ndani. Alinisimulia akiwa mtu mzima kabisa, na alipofika kwenye sanduku sauti ikamkatika. Leo tuko barazani, nyumba ya bibi mkubwa na nyumba ya bibi mdogo, tunagombea shamba. Kila upande unasema mwingine ni wa kuja. Daftari lile lingemaliza kesi asubuhi moja.

Wairimu_K
Woi, pole sana. Sisi huku Kenya tulipata kipande cha guka, yaani kitambulisho cha babu cha enzi za mkoloni, bado kiko ndani ya kile kikebe chake cha chuma. Wilaya iko, chifu wake yuko. Bila hicho hatungejua alitoka wapi.

Karani_Mstaafu
Kesi imefikia wapi?

MtotoWaOperesheni
Imeahirishwa. Shahidi wa mwisho aliyeliona daftari amefariki.

Salum_Muscat
Pimeni DNA, nyumba zote mbili.

Omwana_Bukoba
Usithubutu! DNA itakuletea na nyumba ya tatu, shamba ligawanywe upya.

Wairimu_K
Rekodini wazee kwa simu, leo usiku.

BintiPangani
Mzee akiona simu anafunga mdomo. Anza na kahawa, siku kadhaa, simu baadaye.

Karani_Mstaafu
Mtoto, kulikuwa na misheni karibu? Kitabu cha ubatizo kina nafasi ya wazazi na msimamizi. Mchwa hawajavila vyote.

MtotoWaOperesheni
Babu hakubatizwa. Bibi mdogo alibatizwa. Misheni iko ng'ambo ya mto, Jumatatu naenda.

MkweWaGeorgia
Ukipata jina la baba yake, tuandikie hapa.