WANA WA NYUMBA YA MUHEZA: Jumanne, mtetea mweusi

[06:48] Juma (kwa Bibi): Shikamooni wakubwa. Yule mtetea mweusi hajala tangu jana mchana. Amesimama wima kama mtu, mkia umeshuka, anahema mdomo wazi. Anajikamua hakitoki kitu. Bibi kaniamsha alfajiri nimwangalie.

[06:49] Juma (kwa Bibi): [picha]

[06:55] Da Rehema: Marahaba Juma. Jamani mmeona. Naomba mawazo SASA HIVI kabla watu hawajaingia kazini. Zawadi? Bakari? Ba'mdogo?

[07:20] Da Rehema: Waliosoma ni 14. Aliyejibu hakuna.

[07:31] Shemeji Peter: Kideri hicho. Kwetu kilimaliza banda zima.

[07:33] Da Rehema: Juma mtenge haraka. Hao wengine watiwe antibayotiki kwenye maji.

[07:34] Kaka Bakari: Au mtieni yeye kwenye sufuria. Ndimu naleta mimi.

[07:35] Da Mwana: 😂😂😂 na pilipili mbuzi

[07:36] Kaka Bakari: Mwana umenielewa

[07:38] Da Rehema: Bakari, wewe kuku usiwataje humu. Majogoo sita wa Idi hatujasahau.

[07:39] Kaka Bakari: Tumeanza.

[07:41] Kaka Bakari: Pesa ile nilisema ilikwenda wapi, na risiti nilitoa.

[07:42] Da Rehema: Ulimpa nani? Mimi ndiye ninayeshika hesabu na sijaiona.

[07:50] Shemeji Peter: Kuku jamani

[09:10] Shangazi Tatu: Mnywesheni mafuta ya kula kijiko kimoja, kitateleza kilichokwama. Ndivyo tulivyofanya zamani.

[09:12] Da Rehema: Asante Shangazi. Juma umesikia?

[09:13] Juma (kwa Bibi): Mafuta yameisha, naenda dukani.

[10:26] Zawadi: Juma SUBIRI. Samahanini, nilikuwa bandani, simu niliiacha ndani. Shangazi shikamoo, nisamehe kwa hili. Mafuta ya mdomoni hayafiki kwenye yai, ile ni njia ya chakula. Na kuku anayehema hivyo yanaweza kumwingia mapafuni.

[10:28] Zawadi: Juma nijibu. Wenzake wanakula? Kuna kinyesi cha kijani, au aliyepinda shingo? Huyu alitaga lini mara ya mwisho?

[10:35] Juma (kwa Bibi): Wote 10 wanakula vizuri. Kijani hakuna, shingo ziko sawa. Yeye alitaga Jumamosi. Jana kaingia kiotani mara tatu, kila mara anatoka bila yai. Chini yake pamelowa, uchafu mweupe majimaji.

[10:36] Juma (kwa Bibi): Chanjo ya kideri, ya matone ya jicho, imo kwenye daftari la Babu, Bibi kaiandika mwezi uliopita.

[10:40] Zawadi: Basi kideri tukiweke pembeni. Kideri kwa kawaida hakimshiki mmoja kikawaacha kumi wakila. Na da Rehema, wazima wasipewe antibayotiki, hiyo dawa mtaila kwenye mayai. Huyu yai limemkwama.

[10:44] Zawadi: Juma, vaa mfuko safi wa nailoni mkononi, kata kucha kwanza. Paka kidole mafuta ya mgando, ingiza polepole kule anakotagia, sawa na mgongo wake, usielekeze chini. Kama yai liko karibu utaligusa kabla kidole hakijaisha.

[10:45] Juma (kwa Bibi): Kidole CHANGU?

[10:45] Da Mwana: 😂😂😂 Dokta Juma

[10:46] Kaka Bakari: Siku ya posa tutawaeleza wakwe ujuzi wake

[10:46] Da Mwana: mahari ipungue au iongezeke?

[10:47] Shemeji Peter: Iongezeke, mtaalamu huyo

[10:52] Da Rehema: Mnacheka na Bibi kakaa na kuku mapajani tangu alfajiri. Juma fanya unavyoambiwa.

[11:09] Juma (kwa Bibi): Nimeligusa. Gumu kabisa, liko karibu.

[11:12] Zawadi: Vizuri, afadhali hivyo. Sasa beseni la maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Jaribu kwa kiwiko. Yafike tumboni, kichwa kibaki juu. Mshike dakika 20, ukiona yamepoa ongeza. Halafu mfute mpaka akauke, mpake mafuta ya mgando pale nje na ndani kidogo, umweke kwenye tenga lenye matambara, pahali pa giza, mbali na wenzake. Wakiona pamevimba watamdonoa.

[11:13] Kaka Bakari: Si mlitoboe tu litoke vipande vipande

[11:14] Zawadi: Kaka HAPANA. Na tumbo lisiminywe. Ganda likipasukia ndani linamkata, uchafu unaingia, hapo unampoteza. Nilipoteza wawili hivyo nilipoanza kufuga, kwa haraka zangu mwenyewe.

[11:16] Zawadi: Duka la dawa za mifugo wana kalsiamu ya maji. Kipimo ni cha kwenye chupa, mpe taratibu kando ya mdomo. Kesho asubuhi likiwa bado, bwana mifugo aje, ana sindano ya kusaidia kusukuma. Siku ya pili ikipita hivi wengi hawaponi.

[11:20] Zawadi: Wanakula nini siku hizi?

[11:24] Juma (kwa Bibi): Pumba ya mahindi na mabaki ya jikoni. Wiki hii wawili wametaga mayai yasiyo na ganda, ngozi tupu.

[11:31] Zawadi: Ndiyo hiyo. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu karibu asilimia 3.5 hadi 4. Pumba haifiki hata asilimia 1. Kuku anajenga ganda moja kwa saa 20 hivi kwa kalsiamu hiyo, na asipoipata kwenye chakula anaitoa mifupani mwake. Misuli ya kusukuma yai nayo inaihitaji hiyo hiyo. Na juu ya hayo kuna joto hili la Muheza.

[11:33] Da Rehema: Haya sasa. Pesa ya chakula ingekuwepo tungekuwa hapa? Bakari nijibu mbele ya watu.

[11:34] Kaka Bakari: Sina la kujibu.

[11:36] Da Rehema: Hunalo kwa sababu unajua.

[12:58] Juma (kwa Bibi): Bibi amesomewa yote. Kasema niandike kama anavyosema yeye.

[13:05] Juma (kwa Bibi): "Babu yenu alikuwa akileta gunia la chakula cha kuku wa mayai kutoka Tanga kila mwezi, na magamba ya chaza akiyatwanga mwenyewe kwenye kinu. Arobaini yake ilipopita, Rehema ukaniambia gharama kubwa, pumba itatosha. Nikanyamaza, kwa kuwa ninyi ndio mnaotoa. Bakari hayumo katika hilo. Risiti ya majogoo alinipa mimi, imo ndani ya daftari. Nilinyamaza na hapo, nalo lilikuwa kosa langu. Huyu mtetea ni uzao wa kuku wa marehemu. Asichinjwe, na habari ya sufuria nisiisikie tena."

[15:47] Da Rehema: Bibi shikamoo. Nimesoma. Ni kweli pumba nilisema mimi, nilikuwa natafuta pa kupunguza. Nisamehe.

[15:49] Da Rehema: Bakari nitakupigia jioni.

[16:20] Kaka Bakari: Sawa.

[16:21] Kaka Bakari: Bibi nisamehe kwa ule utani.

[16:40] Zawadi: Juma, beseni la pili saa kumi na moja.

[18:22] Ba'mdogo Athumani: Kideri hicho. Mtengeni na wenzake mapema.

[18:30] Da Mwana: Ba'mdogo shikamoo, panda juu usome 🙏

[20:14] Juma (kwa Bibi): LIMETOKA. Nimelikuta kwenye tenga. [picha]

[20:15] Juma (kwa Bibi): Kubwa, ganda jembamba, lina mikwaruzo. Mwenyewe kanywa maji, mkia umeinuka kidogo. Bibi analia.

[20:19] Zawadi: Alhamdulillahi 😭 Mmulike nyuma, hakuna nyama nyekundu iliyojitokeza?

[20:22] Juma (kwa Bibi): Hakuna.

[20:24] Zawadi: Abaki gizani siku mbili tatu, apumzike kutaga. Wote wawekewe magamba ya chaza yaliyopondwa, chombo chao peke yake, kila mmoja atakula kadiri anavyohitaji. Maji yasikauke. Na pumba isiwe ndio chakula, la sivyo wiki ijayo ni mwingine.

[20:31] Da Rehema: Basi gunia la kilo 50 linunuliwe Tanga. Natoa nusu. Nusu iliyobaki naomba majina hapa kabla ya kulala.

[20:33] Shemeji Peter: Niandike.

[20:50] Da Rehema: Peter peke yake?

[21:02] Da Mwana: Mwisho wa mwezi dada

[21:15] Kaka Bakari: Gunia nitalipeleka mimi. Jumamosi, gari ikitoka gereji.

[21:16] Da Rehema: Na isipotoka?

[21:40] Da Rehema: Na bwana mifugo aje kesho au asije? Zawadi?

[22:05] Juma (kwa Bibi): Bibi anauliza, ni Jumamosi hii au ile nyingine?